Chini ya Jina la Nestori

Siwema mwanangu,

Nimefunga duka letu hili la mbele ya nyumba saa nane hii mchana. Mtu amegonga akitaka kopi za cheti, nikamwambia mashine ni mbovu. Mashine ni nzima. Wewe na mama yako mmekwenda Mwanga kutafuta shuka na ndoo, nami nimepata saa mbili za kukaa peke yangu na karatasi.

Utashangaa mtu anayelala chumba cha pili anakuandikia barua. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu barua yako ya chuo cha uuguzi ilipofika. Kila nikianza, ulimi wangu unakimbilia kwenye ndoo na godoro. Juzi ulipokuwa unapiga pasi nilisimama mlangoni, ukaniuliza, "Unataka kitu, Baba?" Nikasema nataka chai. Ukanipikia, nami nikainywa chai ambayo sikuwa na hamu nayo.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako ameshakueleza usimwachie mtu begi lako kwenye treni, na ukifika Tabora umpigie shangazi yako kabla ya kufanya lolote. Atakueleza tena kesho stesheni. Langu mimi ni lile la tovuti.

Naomba nianze mwanzo, hata sehemu unazozijua, maana nataka uone ni wapi hasa nilipokosea.

Unakumbuka watu walivyokuwa wanakuja hapa dukani kuandikiwa barua za kutafuta ndugu. Wengi ni wazee wa Kirundi waliokaa huku miaka na miaka, na wengine ni watu wetu wa Ujiji wenye jamaa ng'ambo ya ziwa, waliopotezana nao wakati wa vita. Nilichapa barua hizo nikazichoka, maana nyingi hazikuwa na mahali pa kwenda. Mwalimu Anastazia alipostaafu akaanzisha kikundi chetu, tukapata kile chumba cha ofisi huko Buzebazeba, na mimi nikajitolea kutengeneza tovuti ili kila anayetafutwa awe na ukurasa wake. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye kompyuta ya duka. Wewe ukawa unakaa na wazee. Kiha ulichopewa na mama yako, kinachosikilizana na Kirundi chao, ndicho kilichowafungua midomo. Mimi wangenitajia jina na kijiji tu. Wewe walikwambia nani alikuwa na kovu gani, nani aliogopa mbuzi, nani alikuwa akiimba puani.

Ukurasa wa Nestori uliuandika wewe. Bibi Yosefina, dada yake, alikaa nawe siku nzima, mikono yake inanuka dagaa za Kibirizi, akakueleza jinsi walivyoachana kwenye kivuko, yeye msichana wa miaka kumi na minne na mdogo wake wa miaka tisa. Alimwambia mdogo wake amngoje pale na mzigo, akaenda kutafuta maji. Aliporudi akakuta mzigo, mtoto hayupo. Uliandika kwamba Nestori ana alama ya kuungua uji kwenye mkono wa kushoto, umbo lake kama jani. Niliposoma nilijua umenizidi.

Sasa kosa la kwanza. Tovuti inahitaji sura, yaani ule mpangilio wa rangi, picha na kurasa, na wenye kazi hiyo huita kiolezo. Kile nilichokitaka kilikuwa na mwenyewe, na kukipata kwa njia halali ilikuwa lazima kikundi kikae kikubali kukilipia. Kikao kilikuwa wiki mbili mbele. Wageni wa kutoka mkoani walikuwa wanakuja Jumamosi. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta mahali wanapogawa kiolezo kile kile bure, kimevunjwa kufuli. Nilijua ni cha wizi, Siwema. Sitaki useme Baba hakujua. Nilikichukua kwa sababu nilitaka Jumamosi wageni waseme, "Nani amefanya kazi hii?" na Mwalimu Anastazia aninyooshee mimi kidole. Wakasema. Akaninyooshea.

Miezi ikapita, mambo mazuri. Watu watatu wakapatikana. Halafu siku moja ukaja dukani na simu yako. Ulikuwa umenakili ukurasa wa Nestori ili umtumie rafiki yako, na ulipoubandika kwenye ujumbe yakatokea maneno ambayo kwenye ukurasa wenyewe hayaonekani.

"Baba, hebu tazama. Hapa chini kuna kamari. Kasino, kubeti, bonasi. Ziko linki kama arobaini."

"Ni simu yako hiyo," nikakwambia. "Filamu zenu mnazopakua ndizo zinaleta mambo hayo."

"Simu haiwezi kuandika kwenye tovuti, Baba. Yapo humo humo, yamefichwa."

"Siwema, nina kazi."

Halafu ukasema, "Sawa," ukaondoka. Hilo neno lako "sawa" nalisikia mpaka leo.

Sikutazama. Ulivyoondoka tu nilijua ni kile kiolezo. Kwa sababu hiyo hiyo sikutazama. Ukiwa muuguzi utawaona watu wa namna hii, wenye uvimbe wanaoufunika na nguo mpaka unanuka. Usiwacheke. Mimi nilikaa wiki tatu hivyo, nikifungua kompyuta kila asubuhi, nikichapa barua za watu, tovuti siisogelei.

Wiki ya nne ndipo Mwalimu Anastazia aliponipigia. Mtu akifungua tovuti yetu, skrini nzima inakuwa nyekundu, inamwonya kwamba mahali hapa si salama. Akaitisha kikao siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, Bibi Yosefina mbele yangu, wewe mlangoni kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Mwalimu akauliza ni nani anaitumia kompyuta ya ofisi zaidi yangu. Wote wakakutazama. Mmoja akasema amekuona ukichomeka flashi ya muziki.

Ukanitazama mimi. Ukasema, "Baba, si nilikwambia?"

Chumba chote kikanigeukia. Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa ndefu, mwanangu, usidhani ilinipita haraka. Nilisikia pikipiki ikipita nje mpaka ikapotea. Kisha nikacheka kidogo, nikasema, "Vijana na flashi zao, Mwalimu. Si unawajua."

Sikusema ni wewe. Hicho ndicho nilichokuwa najiambia usiku na mchana, kwamba sikukutaja. Lakini kila mtu alisikia, na wewe ulisikia kuliko wote. Mwalimu akasema kuanzia leo Siwema asiguse kompyuta wala asiingie ofisini, na akakuandikia barua yenye muhuri. Ulipokwenda kumshika mkono Bibi Yosefina kumuaga, akaurudisha mkono wake kwenye kitenge. Nililiona hilo. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale.

Nikarudi dukani nikaanza kutafuta. Nataka nikueleze nilichokikuta, kwa kuwa wewe ndiye uliyekiona kwanza na hukuwahi kupewa jibu.

Nilifungua maandishi ya ndani ya tovuti, yale anayoyaona mtengenezaji tu. Chini ya kila ukurasa, chini ya kila jina la mtu aliyepotea, kulikuwa na kisanduku kimesukumwa mbali kushoto, nje kabisa ya skrini, pale jicho lisipoweza kufika. Humo ndimo linki zilimokuwa. Hazikuwekwa ili watu wazisome. Ziliwekwa zisomwe na mitambo ya kutafutia habari mtandaoni, ile inayohesabu tovuti ngapi njema zinaelekeza watu kwenye nyingine, na kuipandisha juu ile inayotajwa sana. Watu wa kamari walikuwa wanaazima heshima yetu. Heshima ya Bibi Yosefina na kovu la mdogo wake, mwanangu. Hiyo ndiyo waliyokuwa wanaipandia.

Nikafuta zote. Kesho yake asubuhi zimerudi. Nikafuta, nikabadilisha nywila. Mchana zimerudi, na sasa ni sitini. Nilikaa siku kumi na moja hivi, mlango wa duka nusu wazi, nafuta na zinarudi, mpaka nikawa naogopa kuifungua kompyuta kama mtu anayeogopa kufunua kidonda. Pale Mwanga kuna dada mmoja fundi wa mambo haya, angenimalizia kwa siku moja. Sikumwita. Angeuliza kiolezo nimekitoa wapi.

Wewe wakati huo ulikuwa unapika, unafua, unaniwekea maji ya kuoga, hunisemeshi ila kwa shikamoo. Nami nilikuwa naitikia marahaba kama mtu mwenye haki yake.

Hatimaye niliyapanga mafaili kwa tarehe za kubadilishwa kwayo, na moja likajitenga. Lilikuwa na jina linalofanana na la faili halali, herufi moja tu tofauti. Ndani yake mlikuwa na msururu wa herufi usiosomeka, na kazi yake ilikuwa hiyo, kuziandika upya linki kila zinapofutwa. Lilikuja ndani ya kiolezo cha bure. Nililiingiza mimi mwenyewe kwa mkono wangu, Ijumaa ile kabla ya wageni. Tena lilikuwa limejitengenezea msimamizi wake wa bandia kwenye tovuti, mwenye uwezo kama wangu, nikamkuta amekaa kwenye orodha tangu wiki ya kwanza.

Nikahifadhi majina na habari zote pembeni. Nikakitoa kiolezo kizima, nikaweka kingine rahisi chenye mwenyewe anayejulikana. Nikamfuta yule msimamizi, nikabadilisha nywila zote. Nikaupitia kila ukurasa kama ulivyofanya wewe, nanakili, nabandika, natazama kilichojificha. Siku tatu zikapita, hazikurudi. Nikaandika maombi kwa wenye mtambo wa kutafutia watukague upya. Wekundu ukaondoka baada ya majuma kadhaa, na yale maneno ya kamari chini ya majina yetu yakachukua muda zaidi kufutika kwenye matokeo yao.

Kwenye kikao nikasema, "Nimesafisha." Wakanipigia makofi. Barua ya kukufukuza ikabaki kwenye jalada. Ningeweza kusema siku ile, tovuti ikiwa safi na watu wamefurahi. Nikajiambia nitasema kikao kijacho. Nimehudhuria vikao vinane tangu pale.

Nimejiuliza sana woga huu niliutoa wapi. Babu yako alikuwa fundi cherehani hapa Kasingirima, na siku moja alikata vibaya kitambaa cha kanzu ya bwana harusi. Nilikuwepo, nina miaka kama kumi. Hakungoja. Alitoka nje, barazani kwa watu, akasema, "Bwana, nimekukatia vibaya, kosa ni langu." Yule bwana akamfokea mbele ya majirani. Babu yako alisimama, tepu shingoni, anasikiliza. Niliona aibu kiasi kwamba nilikimbia mpaka ufukweni. Nikaapa mimi sitasimama hivyo mbele ya watu hata siku moja. Nimekitimiza kiapo cha mtoto wa miaka kumi, na tazama kilichonifikisha.

Sasa lile usilolijua.

Miezi miwili iliyopita ilipigwa simu ya ofisi, nikapokea mimi. Mwanamke, anaitwa Klaudia, yuko Uvira, upande wa Kongo. Akasema, "Huyo Nestori mwenye alama ya uji ni baba yangu." Niliruka kwenye kiti. Nikamwambia, dada yake yu hai, yuko hapa Kibirizi, nampa simu leo leo. Kisha akasema baba yake amefariki, wamemzika mwezi uliotangulia.

Wewe na mama yako mnajua mpaka hapo. Mlikwenda msibani kwa Bibi Yosefina, mama yako akalia naye, wewe ukakaa nje kwa sababu hukujua kama unatakiwa ndani. Watu wote waliambiwa ukurasa ulichelewa kuonekana, mipango ya Mungu.

Klaudia aliniambia zaidi. Mwaka jana alikuwa ametafuta mtandaoni. Aliandika jina la baba yake na la kijiji chao cha zamani, likatokea, "Nestori, anatafutwa na dada yake." Na chini ya jina hilo, maneno ya kasino na bonasi. Alipogusa, skrini ikawa nyekundu. Akamwambia mzee, "Baba, ni matapeli, wanatumia majina ya watu." Mzee akamwomba ajaribu tena. Akakataa, akaogopa simu itaharibika. Akaniambia kwamba baba yake aliendelea kumuuliza. Akiwa anakula, au akiwa amekaa tu, anauliza, "Ile habari ya dada, una hakika ni ya uongo?" Baada ya kumzika ndipo alipojaribu tena, akaukuta ukurasa msafi na namba yetu.

Nilimuuliza Klaudia ilikuwa lini. Akanitajia mwezi. Nikahesabu pale pale, simu sikioni. Ulikuwa umeshanionyesha. Ungekuwa umesikilizwa siku ile, au ningemwita yule fundi wa Mwanga siku iliyofuata, Klaudia angeukuta ukurasa msafi, na wale wawili wangekuwa na miezi mingi ya kusikizana sauti.

Tangu simu ile nimekuwa kama samaki ndani ya wavu, kila upande anaokwenda anakutana na uzi. Nikipita Kibirizi, Bibi Yosefina ananiita ananipa dagaa, ananiambia kama anayesema na mwanawe, "Asante, mwana wanje, angalau nimejua alikozikwa." Nikienda kikaoni, napewa kiti cha mbele. Nikirudi nyumbani, upo wewe. Nilifikiri nitangoja uondoke, nyumba ikipoa nami nitapoa. Halafu nikaona nikifanya hivyo nitakufa nalo.

Jumatano nilikwenda Kibirizi. Alikuwa anaanua dagaa mchangani na wenzake. Nikamwomba tukae pembeni, tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikamweleza yote, na sikutumia maneno ya kompyuta. Nikamwambia: niliweka kitu cha wizi kwenye nyumba ya majina, kikachafua jina la mdogo wako, mwanangu akaniambia nikakataa kutazama, kisha nikawaacha mkamlaumu yeye.

Bibi akauliza, "Siku hizo, musaza wanje, Nestori wangu, alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, Bibi."

"Anakula? Anatembea?"

"Anakula. Alikuwa anakuulizia."

"Ego," akasema, polepole, kama anayekubali bei asiyoiweza. Akashika dagaa mkononi, akaziachia. "Na mtoto wako mimi nilimnyima mkono."

"Ndiyo, Bibi."

"Wewe Kashindi sijui nikufanye nini. Leo ondoka. Nikitaka kukuona nitakuita mwenyewe. Lakini yule mtoto asipande treni sijamwona. Mwambie aje kesho kutwa asubuhi na mapema."

Hiyo kesho kutwa ilikuwa leo, Siwema, na nilishindwa kukwambia. Nimemtumia ujumbe kwamba utapita kesho alfajiri kabla ya stesheni. Hilo nalo ni la kuniongezea kwenye makosa yangu.

Jana nilikwenda kwa Mwalimu Anastazia. Yeye alinisikiliza akiwa amesimama. Akavua miwani, akasema, "Baba Siwema, barua ile niliiandika kwa mkono wangu. Mtoto wa watu." Akaniomba ufunguo wa ofisi na nywila zote, nikampa. Kikao cha wiki ijayo atawaambia wote, nami nitakuwepo, nimesimama. Amesema barua ya kukuomba radhi ataileta mwenyewe nyumbani, hataki niibebe mimi. Ana haki.

Mama yako bado sijamwambia. Nitamwambia nikishamaliza na wewe.

Sikuandikii ili unisamehe, na sitaki uninyamazie kwa adabu kama ulivyoninyamazia mwaka mzima. Ila kuna siku moja naifikiria. Utakuwa wodini, umechoka, utampa mgonjwa dawa isiyo yake, na hakuna atakayekuwa ameona. Utajua moyoni, kama nilivyojua mimi. Sijui ni nini cha kukwambia kuhusu siku hiyo, maana mimi siku yangu nilishindwa. Najua tu kwamba dakika ya kwanza ndiyo nafuu kuliko zote zinazofuata. Mimi nilingoja nikidhani itakuja nyingine rahisi zaidi, na kila iliyokuja ilikuwa nzito kuliko iliyopita.

Na jingine. Ulikuwa sahihi. Ulitazama mahali ambapo mimi fundi sikutazama, ukaona, ukasema, ukasema tena mbele ya watu. Usije ukajifunza kutoka kwangu kwamba anayesema huachwa mlangoni. Ulipoachwa mlangoni, aliyekuacha ni baba yako, na alijua anachofanya.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niiweke chini kabisa ya begi, kati ya shuka, uikute Tabora. Ungesoma ukiwa mbali, ukalia au ukanitukana, nami nisingeona uso wako. Nimeshaandika jina lako juu ya bahasha ndipo nikaona ninachokifanya.

Kwa hiyo siiweki kwenye begi. Nasikia sauti ya mama yako huko nje anabishana na mwenye bajaji kuhusu ndoo. Mkiingia nitakupa mkononi, nitakuomba uisome hapa hapa, na sitatoka humu ndani.

Baba yako,
Kashindi